Barua Niliyopewa Nimpelekee Madam

Habari ya kifo cha Madam, mwalimu wetu wa chuo, niliipata nikiwa nasahihisha karatasi za wanafunzi. Neema aliiandika kwenye lile kundi letu la simu la tuliosoma pamoja, ambalo siku zote kazi yake ni kutakiana heri za sikukuu na kusambaziana dawa za mizizi. Nimejiuliza sana kama niseme nilichohisi dakika ile, na naona nisipokisema hicho, hakuna haja ya kuandika haya mengine. Nilihisi nafuu. Kabla ya huzuni, kabla hata sijasema poleni jamani, kuna kitu kililegea kifuani nikashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mtu pekee aliyeweza kunisuta alikuwa ametangulia. Aibu ilikuja baadaye kidogo, nikiwa natafuta kanga ya kwendea msibani, na ilipokuja haikuondoka. Nina umri wa kuitwa mama na watoto wa mtaani, nafundisha chuoni, watu wananiheshimu, na nilifurahi mtu kufa.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka wangu wa pili chuoni. Chuo kilikuwa Temeke, majengo mawili yanayotazamana na uwanja wa mchanga katikati, na sie tulikuwa tunasomea utunzaji wa kumbukumbu za ofisi. Mwaka huo wenzangu walinichagua kuwa kiongozi wa darasa, CR kama tulivyomwita, na waliopitia vyuo vyetu wanajua CR ni nani. Mwalimu hapokei kazi ya mtu mmoja mmoja. CR ndiye anayekusanya asaimenti za darasa zima, anakaa na karatasi ya kusaini, kila mtu anaandika jina, namba ya usajili na saa aliyoleta, kisha muda ukiisha CR anafunga na kupeleka furushi ofisini. Ukiwa na malalamiko, yanapitia kwa CR. Ukiwa na udhuru, unapitia kwa CR. Madam alibandika hilo mlangoni kwake kwa maandishi makubwa, na alikuwa mtu ambaye ukibisha hodi bila CR alikutazama juu ya miwani mpaka ukasahau ulichofuata. Kwake alama arobaini zilikuwa za kazi za muhula na sitini za mtihani. Katika zile arobaini, ishirini zilitoka kwenye jaribio na ishirini kwenye asaimenti moja kubwa. Ukipata chini ya kumi na sita, huingii kwenye mtihani, unarudia somo mwakani na wadogo zako.

Madaraka hayo madogo yalinivimbisha kichwa, sina neno jingine. Nilikuwa nakaa Mtoni na Neema, chumba kimoja cha vitanda viwili vya futi tatu, jiko la mafuta chini ya dirisha, ndoo za maji zimepangwa nyuma ya mlango. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na maandazi ya jana, tunayapasha juu ya mfuniko wa sufuria mpaka yananukia upya. Nilikuwa na faili la plastiki la bluu la kuwekea karatasi za darasa, na nililala nalo kando ya mto kana kwamba kuna mtu angekuja kuliiba. Neema alikuwa ananitania, ananiita mheshimiwa, anauliza kama mheshimiwa atachota maji leo au atatuma askari. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nililipenda lile neno. Kwetu nilitoka Rungwe na lafudhi yangu ya bara, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Dar watu walikuwa wananitafuta mie, wananiita kwa heshima, wananiuliza dada Flora, Madam kasemaje.

Sakina yeye hakuniita dada. Alikuwa anakaa Manzese kwa mama yake mdogo, binti wa Newala, mwembamba, mcheshi, na ana akili ya kuudhi. Alipata kumi na nne kwenye jaribio la Madam bila hata kuonekana ameshika daftari, wakati mie niliyekesha nilipata kumi na moja. Nyuma ya chuo kulikuwa na banda la mama ntilie lililozungushiwa mabati, na siku moja mchana nilikuwa nje ya mabati nangojea chenji yangu, sahani ya wali maharage mkononi, nikamsikia Sakina ndani ananiiga. Aliiga ninavyovuta maneno, ninavyokumbatia faili, ninavyosema "jamani wenzangu, muda ni muda." Kwa kweli aliniiga vizuri. Watu walicheka mpaka benchi likagonga ukuta, na kicheko cha Neema nilikitambua humo humo. Neema nilimsamehe kabla ya jioni. Sakina nilimwekea kinyongo. Nilikula ule wali nimesimama juani, na ningeweza kuingia, nikasema nimewasikia, tukacheka wote yakaisha. Sikuingia.

Siku ya asaimenti, umeme ulikatika Temeke nzima tangu asubuhi. Kazi ilitakiwa kupigwa chapa, muda wa mwisho saa kumi jioni, na steshenari zote za karibu na chuo zilikuwa kimya, wenye mashine wamekaa nje wanajipepea kwa makaratasi. Waliokuwa na akili walishachapa jana yake. Wengine walitawanyika mjini kutafuta mahali penye jenereta. Saa tisa na nusu simu yangu ikaita, ile simu yangu ya kwanza ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, na alikuwa Madam. "Flora, naambiwa huko hamna umeme. Waongezee saa moja. Nitakuwepo ofisini mpaka saa kumi na moja. Watangazie wote." Nikasema sawa, Madam. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mbele, darasani mna watu kama kumi wamepumzika baada ya kukabidhi, na nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema sentensi moja. Nikatoka nje nikampigia Neema peke yake, nikamwambia asihangaike, anao muda, bila kumwambia kwamba Madam ndiye aliyeuongeza kwa wote. Nikarudi kukaa.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba nilikuwa nataka kutangaza na sikuwahi. Si kweli. Nilionja utamu wa kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Nilijiambia pia kwamba waliohangaika wakawahi wataona wameonewa, na maneno hayo yalinipendeza kwa sababu yalifanana na haki. Saa kumi kamili nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya jina la mwisho mbele ya watu wote. Juu ya ule mstari mwekundu nilikuwa nimeacha nafasi moja tupu, ya Neema.

Sakina aliingia saa kumi na dakika ishirini na mbili. Saa ilikuwa ukutani, niliitazama. Alikuwa ametoka kuchapa kazi yake Kariakoo, ushungi umelowa jasho, karatasi amezikumbatia kifuani zisijikunje. "Flora, nipokelee," akasema.

"Nimeshafunga."

"Umeme, dada. Nimezunguka mpaka basi."

Ndiyo mara ya kwanza aliniita dada, na nilifurahi kulisikia. "Umeme umekatika kwa wote," nikamwambia. "Muda ni muda." Nilisema hivyo makusudi, kwa lafudhi yangu ile ile, na nikaona ameelewa kwamba siku ile nje ya mabati nilikuwepo. Kisha akainama juu ya karatasi ya kusaini, akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu.

"Na hii hapa ya nani?"

"Nimeruka."

Hakupiga kelele wala hakulia, alizikunja tu karatasi zake mara mbili akatoka. Neema alikuja saa kumi na moja kasoro kumi, anatafuna muwa, akasaini pale palipokuwa patupu.

Ofisini Madam alihesabu kazi moja moja akilinganisha na orodha. "Sakina hajaleta?" akauliza, na nikaona ameshtuka, maana alikuwa anampenda kwa ile akili yake. "Na saa nzima niliyowaongeza?"

"Hakutokea, Madam."

"Ulimpigia?"

"Hana simu, Madam." Hilo lilikuwa kweli, na nililishika kwa nguvu, kwa sababu ukiwa katikati ya uongo unafurahi ukipata neno moja la kweli la kusema. Madam akavua miwani, akasugua macho. Alisema kama Sakina ana sababu, ailete kwa maandishi, yeye si mnyama, ataiangalia. Nikasema nitamfikishia. Sikumfikishia, lakini Sakina hakungoja kuambiwa. Asubuhi yake alinikabidhi barua iliyokunjwa vizuri, kazi yake ya asaimenti imebanwa nyuma, akaniomba nimpelekee Madam.

Niliisoma chumbani, Neema amekwenda kuoga. Ilikuwa ukurasa mmoja, mwandiko wa kuinama. Hakunisema kwa neno hata moja. Ile nafasi tupu hakuitaja. Aliandika kwamba anakiri alichelewa kwa dakika ishirini na mbili, kwamba angeweza kuchapa kazi siku moja kabla, kwamba ni uzembe wake mwenyewe na anaomba asamehewe mara moja tu. Nikaisoma mara ya pili ndipo nikaona hatari yake. Madam akisoma hapo penye dakika ishirini na mbili, atauliza mtu amechelewaje wakati saa nzima iliongezwa, na swali hilo litakuja kwangu. Mpaka hapo nilikuwa nimefanya ukorofi wa kisichana, kisirani cha mtu aliyechekwa. Kuanzia hapo ikawa kitu kingine. Nilichana ile barua, nikawashia utambi wa jiko la mafuta, na kazi yake yenyewe, kurasa kumi na mbili, nikaitia chini ya godoro. Neema akarudi amejifunga taulo, akauliza chai bado. Nikamwambia inachemka.

Siku ya tatu Sakina akanishika kwenye korido. "Madam kasemaje?"

Ningeweza kusema bado hajaisoma. Ningeweza hata kusema sijui. Nilimtazama usoni nikamtungia Madam maneno ambayo Madam hakuyasema. "Kasema kanuni ni kanuni. Na asisumbuliwe tena."

Matokeo ya kazi za muhula yalibandikwa ubaoni wiki mbili kabla ya mtihani. Watu walisukumana, wengine wanacheka kwa raha, wengine wanahesabu kwa vidole watahitaji ngapi kwenye zile sitini. Mie nilikuwa na ishirini na tano. Mbele ya namba ya Sakina pameandikwa kumi na nne, na pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba haruhusiwi kufanya mtihani. Zile kumi na nne zote zilikuwa za jaribio. Kwenye asaimenti alikuwa na sifuri, na alihitaji mbili tu. Kurasa zake kumi na mbili nilikuwa nazilalia kila siku, na nilikuwa nimezisoma, na zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Kilichoniuma kuliko yote, na ndicho ninachokiota mpaka leo, ni kwamba alikuja kutuaga. Jumamosi mchana tukiwa tunasonga ugali, hodi, Sakina mlangoni na mfuko wa korosho alizotumiwa na mama yake. Akasema mama yake amekataa arudie somo mwakani, amesema kama mtu mzima anashindwa kufika saa kumi akae tu Manzese afanye biashara na mama mdogo. Tukamkaribisha. Tulikula kwenye sinia moja, ugali, dagaa wa kukaanga na mchicha, magoti yetu yanagusana kwa jinsi chumba kilivyokuwa kidogo. Neema alianza kulia. Akamwambia Sakina kwa nini hukwenda kwa Madam mwenyewe, na Sakina akasema barua alipeleka, CR alimsaidia kuifikisha, Madam ndiye hakutaka. "Msijali jamani," akasema, "ni uzembe wangu." Mie nilikuwa namsogezea dagaa upande wake wa sinia. Nilichagua wale wakubwa. Alinishukuru. Godoro lenye kazi yake lilikuwa nyuma ya mgongo wake, hatua moja, na aliliegemea wakati anakula.

Siku hizi chuoni kwangu napokea kazi za wanafunzi kwa mkono wangu mwenyewe. Sina CR. Wenzangu wananiona mtu wa ajabu, nakaa na mlango wazi mpaka jioni nikingoja mtoto mmoja aliyekwama foleni, na wanafunzi wananisifu kwamba nina huruma. Nimepokea sifa hizo miaka yote bila kumwambia mtu zinatoka wapi. Kumtafuta Sakina sikuwahi. Manzese si mbali, basi la mwendokasi linapita pale pale, na nimepita mara zisizo na idadi nikitazama upande wa pili wa barabara.

Basi msibani kwa Madam, huko Boko, tukakutana. Neema alikuwa amemwona sokoni na kumpa habari, na alikuja, mama mzima aliyejaa, anauza mapazia, bado mcheshi. Tulikuwa chini ya turubai, wanawake tumekaa kwenye mikeka, pilau linagawiwa, na kama kawaida mazungumzo yalihama kutoka kwa marehemu alivyougua mpaka alivyotutesa. Mtu mmoja akakumbusha mstari wangu mwekundu. Wakacheka. Sakina akanishika goti, akasema yeye mstari ule ndio uliomlea.

"Nina binti yuko chuo mwaka wa kwanza, Rehema, yuko jikoni anasaidia," akasema. "Kazi ya saa kumi namwambia aipeleke saa nne. Mwezi uliopita alichelewa moja, nusu saa tu. Nilikaa wiki nzima simsemeshi. Alilia mpaka akaugua. Lakini nikamwambia wewe umerithi uzembe wangu, nisipokukaza utakuja kuuza mapazia." Wenzetu wakasema amefanya vizuri, watoto wa siku hizi wanataka kukazwa. Sakina akanigeukia. "Si ndiyo, CR?"

Niliweka chini sahani ya pilau. Nilimwambia anisindikize kunawa mikono. Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi la maji, na nilipofungua bomba nilianza kusema kabla sijaogopa.

"Sakina, Madam aliongeza saa moja siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya asaimenti. Umeme ulipokatika. Alinipigia simu akasema mpaka saa kumi na moja, niwatangazie wote. Sikutangaza. Nilimpa Neema tu ule muda. Na barua yako sikumpa. Niliichana. Yale maneno ya kanuni ni kanuni, niliyatunga mie."

Maji yalikuwa yanamwagika mikononi mwake. Aliyatazama, kisha akafunga bomba taratibu, akaikaza koki mara mbili.

"Kwa hiyo sikuchelewa."

"Hukuchelewa. Uliwahi kwa dakika thelathini na nane."

"Dakika thelathini na nane," akarudia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena. "Mama yangu amekufa, Flora. Amekufa anajua nilichezea shule. Alikuwa ananiita mzembe mbele ya watu, mbele ya mume wangu, na mie namwitikia abee. Abee, mama. Miaka yote."

Nikasema nisamehe. Nilianza hata kupiga magoti, na yeye akanizuia kwa kiganja, bila kunigusa.

"Hilo baadaye," akasema. "Kama litakuwepo." Sauti yake ilikuwa ya chini na kavu. Akanionyesha kwa kidevu, kule kwenye masufuria, binti mrefu mwenye ushungi wa kijani aliyebeba sahani. "Rehema yule pale. Nenda kamwambie."

"Sasa hivi? Msibani?"

"Sasa hivi. Nikimwambia mie ataona najitetea. Nenda wewe, umwambie kwa mdomo ule ule ulionidanganya."

Toka kwenye tangi mpaka kwenye masufuria si hatua ishirini. Nilizitembea. Yule binti aliponiona nakuja, mama wa makamo, rika la mama yake, alifanya kama alivyofunzwa: akaweka sahani chini, akafuta mikono, akakunja magoti kidogo. "Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka. Alibaki ameinama pale, anangoja kuitikiwa, na nilijua Sakina amesimama nyuma yangu anatazama.

"Usiniamkie kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Nisikilize, halafu utaamua mwenyewe."